Dondoo muhimu: Logilaini ya komedi ya mji mdogo

Logilaini ni sentensi moja, mbili zikizidi, inayomfanya mtayarishaji wa filamu aulize, “Halafu ikawaje?” Komedi za miji midogo hukwama hapo kwa sababu mwandishi ameupenda mno mji wake. Anaorodhesha vituko vya watu, na vituko peke yake si hadithi.

Tazama *Waking Ned* ya Kirk Jones (1998), inayohusu kijiji cha Ayalandi. Ingeweza kuelezwa hivi: “Wanakijiji wenye vituko wanagundua kuwa mwenzao ameshinda bahati nasibu.” Imelala. Nani anataka nini, na nini kinamzuia? Ibane: “Mshindi wa bahati nasibu anapokufa kwa mshtuko, tiketi ikiwa mkononi, wazee wawili wanajaribu kukifanya kijiji kizima kimdanganye mkaguzi kwamba marehemu yu hai.” Sasa kuna tamaa, kuna hatari ya kuumbuka, na kichekesho kimo ndani ya tukio lenyewe. Neno “kuchekesha” halikuhitajika.

Majina ya wahusika yaache. “Mzee mjanja” humwambia msomaji mengi kuliko jina “Jackie”. Kivumishi kimoja kinatosha, tena kiwe kile kitakachomponza mhusika. Mwisho wa filamu usiutaje.

Kisha msimulie mtu asiye wa fani logilaini yako, kwa mdomo, bila karatasi. Ukijikuta unaongeza “yaani…”, rudi ukakate. Akitabasamu kabla hujafika kwenye nukta, ipeleke.