Akiba Haiozi

Laura Ingalls alizaliwa mwaka wa 1867 katika misitu ya Wisconsin, nchi ya Marekani. Baba yake hakukaa mahali pamoja siku nyingi. Alitafuta ardhi mpya, akawapakia jamaa zake katika gari la kukokotwa, wakahama. Kwa hiyo Laura alisoma shule vipande vipande, lakini alipenda sana maneno. Alipokuwa msichana alitunga mashairi madogo, akayaandika na kuyatunza.

Mwaka wa 1879 dada yake Mary aliugua, akawa kipofu. Tangu hapo Laura alimweleza mambo asiyoweza kuyaona: rangi ya mawingu, majani yainamayo kwa upepo, watu wapitao njiani. Ilimpasa achague neno lililo sawasawa, maana neno lisilo sawa lingemwonyesha Mary kitu kisichokuwako. Kazi hiyo ya upendo ilikuwa kwake shule ya pili.

Mwaka wa 1885 aliolewa na mkulima, Almanzo Wilder. Shida zikaandamana: ukame uliharibu ngano, ugonjwa ulimdhoofisha mumewe miguu, mtoto wao wa kiume alikufa, na nyumba iliteketea kwa moto. Mwaka wa 1894 walihamia Mansfield, katika Missouri, wakaanza upya. Mikono iliyozoea kalamu sasa ilishika shoka na ndoo.

Laura alijua sana kufuga kuku. Siku moja alitakiwa kuzungumza juu ya kazi hiyo katika mkutano wa wakulima. Hakuweza kwenda, akapeleka maneno yake katika karatasi, yakasomwa na mtu mwingine. Mhariri wa gazeti la wakulima aliyasikia, akamwomba amwandikie. Basi mwaka wa 1911, akiwa na umri wa miaka 44, alianza kuliandikia gazeti hilo.

Mwaka wa 1929 bei za hisa zilianguka katika Marekani, na katika dhiki iliyofuata akiba ya fedha waliyojiwekea ikapotea. Wazazi wake na Mary walikuwa wamekwisha kufa. Habari za siku zile zilikuwa karibu kusahauliwa. Laura alichukua penseli na madaftari ya shule, akaandika maisha yake. Wachapaji wakakataa. Hakukata tamaa, bali kwa msaada wa binti yake Rose, aliyekuwa mwandishi, aligeuza sehemu ya habari hizo kuwa hadithi ya watoto. Kitabu hicho kilitoka mwaka wa 1932, naye ana miaka 65. Kufika mwaka wa 1943 vilikuwa vitabu vinane. Alifariki mwaka wa 1957, akiwa na miaka 90.

Fedha ya Laura ilipotea, lakini maneno aliyoyaweka moyoni tangu utoto hayakuoza. Mwanafunzi apendaye kuandika na alitunze daftari lake, hata jembe likimwita. Siku yaja atakapolihitaji.

MASWALI
1. Kwa nini Laura hakusoma shule mfululizo?
2. Upofu wa Mary ulimfundisha Laura nini?
3. Kuku walimrudishaje Laura kwenye kalamu?
4. Ni akiba gani iliyopotea, na ni ipi isiyooza?