SOMO LA FIZIKE: MOTO UNATUAMBIA NINI?

Wanafunzi wenzetu, hapa Kamina sote tunajua moto wa asetilini wa mafundi wa vyuma. Ndani yake mna rangi ya buluu na kijani. Inatoka wapi? Inatoka kwa molekuli ndogo, C2: atomu mbili tu za kaboni. Nishati ya moto inapandisha elektroni. Ikishuka, inatoa nuru.

Mwaka 1856 William Swan wa Scotland alichunguza nuru hiyo kwa prisma, akaona mikanda mingi. Mmoja uko kwa nanomita 516, mwingine 474. Kwa nini si mmoja? Kwa sababu zile atomu zinatetemeka kama zimefungwa na resori, na mtetemo unapanda kwa vidato, kama ngazi. Tupige hesabu: 1/474 tutoe 1/516, tuzidishe kwa mwendo wa nuru. Tunapata mitetemo karibu trilioni 50 kwa sekunde!

C2 iliyopanda haidumu hata sehemu moja ya milioni ya sekunde. Lakini lazeri inaikamata: wataalamu wanageuza rangi yake polepole, na kila inapolingana na kidato, molekuli inawaka. Hivi tunapima kitu tusichoweza kushika.

Angalisho: tusitazame moto ule wala lazeri kwa macho matupu.