Shina Moja, Matawi Mengi

Tazama mwembe. Matawi yake ni mengi na majani yake hayahesabiki, lakini shina ni moja. Maneno nayo ni vivyo hivyo. Somo hili laonyesha shina moja la Kilatini na matawi yake katika Kiingereza.

Waroma wa kale waliita kitu chema *bonus*. Wakitaka kusema “vema”, walisema *bene*. Wafaransa walirithi maneno hayo. Ndiyo maana Mfaransa husalimu *bonjour*, yaani siku njema. Kila mtoto wa shule katika Kongo ajua salamu hiyo.

Waingereza, kwa “chema”, husema *good*. Neno hilo si la Kilatini, ni la babu zao waliotoka pande za Ujerumani na Denmark. Basi Kilatini kiliwafikiaje? Mwaka 597 watawa waliotumwa na Papa Gregori walifika Uingereza, wakafundisha dini na kusoma kwa Kilatini. Tena, mwaka 1066, William wa Normandie alishinda vita akawa mfalme wa Uingereza. Wakubwa wake walisema Kifaransa, na maneno mengi ya Kifaransa yakaingia katika Kiingereza.

Haya ni matawi matatu ya *bene*:

1. *Benevolent*: *volens* ni atakaye. Ni mtu awatakiaye wengine mema.
2. *Benediction*: *dictio* ni kunena. Ni kumnenea mtu mema, yaani baraka.
3. *Benefactor*: *factor* ni mtenda. Ni mtu awatendeaye wengine mema, yaani mfadhili.

Kuna na mengine. *Benefit* ni faida. *Bounty* ni ukarimu. *Bonus* ni malipo apewayo mfanyakazi juu ya mshahara wake.

Lakini angalia! *Bone* si tawi la shina hili. Neno hilo maana yake ni mfupa, na asili yake ni nyingine. Watu wawili huweza kufanana uso wala wasiwe ndugu.

Waroma walikuwa pia na neno *male*, maana yake “vibaya”. Mahali pa *bene* weka *male*: *benediction* yageuka *malediction*, yaani laana. Mwenye kujua shina haogopi neno jipya.

Sasa sikiliza habari hii. Mama mzee aliugua homa, naye aliishi peke yake. Jirani wa kwanza alipita njiani, akasema moyoni, “Laiti angepona!” Akaenda zake. Wa pili alisimama mlangoni, akasema, “Mungu akubariki, mama, akuponye.” Naye akaenda. Wa tatu alikuwa msichana wa shule. Aliingia, akaona mtungi ni mtupu. Akaenda mtoni kuteka maji, akawasha moto, akampikia uji.

Wote watatu walikuwa na wema. Kutaka mema ni mwanzo mzuri, na kunena mema hutuliza moyo. Lakini mgonjwa alikuwa na kiu.

Maulizo

1. Waroma walisemaje “chema”? Na “vema”?
2. Kilatini na Kifaransa viliingiaje katika Kiingereza?
3. *Benefactor* ni mtenda mema. Basi *malefactor* ni mtu gani?
4. Katika habari ya mama mgonjwa, ni jirani yupi aitwaye *benefactor*? Kwa nini?
5. Jirani yako akiugua leo, utaitwa kwa neno lipi?