Uuze Ama Upeane? Piga Hesabu Kabla Kochi Halijatoka Mlangoni

Mwisho wa mwezi watu huhama, na kila anayehama hubaki na vitu visivyoingia nyumba mpya: kochi, kabati, friji ya zamani. Uuze ama upeane?

Anza na usafiri. Tuseme uko Kona Baridi na mteja yuko Kitengela. Kochi unataka 5,000. Gari lishuke Kiserian, lifuate barabara ya Isinya, ndio lifike Kitengela. Mwenye pikapu akiitisha 4,000, mteja ataanza kukuomba upunguze mpaka ibaki bei ya kutupa. Kochi kama hilo, kwa maoni yetu, mpe jirani mwenye mkokoteni. Lakini mtungi wa gesi, simu au friji inayogandisha vizuri, uza. Tafuta na ile risiti ya zamani. Mnunuzi mwangalifu ataiitisha, kwani kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu.

Sasa hapa kwa malipo ndipo watu hulia. Mteja amekuja na boda, ana haraka, friji ishafungwa kamba. Simu yako inalia: umepokea 12,000. Usiachilie kitu bado. Ujumbe wa kweli wa M-Pesa huingia kwa jina MPESA, si kwa namba ya mtu. Hata ukiona hilo jina, piga *334# uangalie salio mwenyewe. Kama halijaongezeka, friji bado ni yako, hata mteja aape vipi kwamba ni mtandao unasumbua. Mwambie asubiri. Mwenye pesa ya kweli hukasirika kidogo, halafu husubiri.

Ujanja mwingine ni wa kulipa kweli, kuchukua kitu, halafu kuomba pesa irudishwe kwa kudai ilitumwa kimakosa. Kwa hivyo mapatano yawe kwa maandishi: kitu gani, bei gani, kimechukuliwa lini. Usifute hizo meseji, pamoja na ile ya malipo. Ukipigiwa na kampuni kuulizwa, una cha kuonyesha. Na mtu akidai alituma zaidi kwa bahati mbaya, usimrudishie kwa namba nyingine anayokupa. Mwambie apeleke ujumbe wake wa malipo kwa 456, njia rasmi ya kurudisha pesa.

Ukiamua kupeana, sema wazi: "Hii ni yako, sidai kitu." Lile neno "chukua tu, tutaongea" limegombanisha mabinamu wengi, kwa sababu mmoja alisikia zawadi na mwenzake alisikia deni. Kama ni kulipa polepole, andikianeni kiasi na tarehe.

Na wewe unayepokea, kaa macho. Ukiambiwa kuna friji ya bure lakini utume 500 ya usafiri kwanza, usitume. Nenda uione, ulipe gari likifika kwako.