Barua Pepe Inayopitia Anwani ya Muda

Anwani ya muda ni anwani ya barua pepe unayompa mtu usiyemjua vema, ili anwani yako halisi ibaki siri. Kompyuta moja hupokea barua inayofika huko, kisha huituma tena kwako. Mara nyingine huioni kikashani. Imetupwa katika barua taka! Kwa nini?

Fikiria bahasha iliyoandikwa kuwa imetoka Tanga, lakini muhuri wake wa posta ni wa Dodoma. Je, hutashuku? Kompyuta ipokeayo barua pepe hushuku vivyo hivyo. Mtumaji hutangaza orodha ya kompyuta zinazoruhusiwa kutuma barua zake. Utaratibu huo huitwa SPF. Kompyuta ya katikati haimo katika orodha hiyo.

Iko alama nyingine, DKIM, ambayo ni sahihi iliyotiwa katika barua yenyewe. Sahihi hii husafiri salama, mradi maneno ya barua yasibadilishwe. Kompyuta ya katikati ikiongeza tangazo lake, kama baadhi zifanyavyo, sahihi huharibika.

Jaribio: Mwombe mwenzako akuandikie kupitia anwani yako ya muda. Barua ikiangukia kwenye taka, iambie programu kwamba si taka. Kisha tunga kichujio: barua yoyote iliyoandikiwa anwani ile isitupwe. Usikawie, kwani Gmail hufuta barua taka baada ya siku 30. Kichujio hiki, tofauti na kile cha chai, hupitisha hata machicha. Matangazo yakizidi, ifunge anwani hiyo.