Je, Miaka Hii Kumi Ndiyo Mibaya Kuliko Yote?

Somo la mwezi: Mhubiri 7:10, Luka 13:1–5



Nataka kuwaandikia habari ya mashindano ya maneno niliyoyasikia katika matanga, na jinsi mimi mwenyewe nilivyokosa ndani yake. Nawaandikia wote wasomao gazeti hili, lakini zaidi ninyi walimu wa Injili, maana ninyi ndio mnaoketi na wafiwa kabla mchungaji hajafika.

Kijana mmoja wa usharika wetu alikufa katika duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, upande wa Geita. Tukamzika. Hata jioni, watu walipokwisha kula, mama yake akasema, "Tangu nizaliwe sijaona miaka mibaya kama hii kumi iliyopita." Vijana wakaitikia kwamba ni kweli. Ndipo mzee mmoja wa kanisa, mwenye umri wa zaidi ya miaka themanini, akamjibu, "Mwanangu, wewe hujaona kitu. Laiti ungaliona miaka yetu!" Maneno yakawa mengi, hawa upande huu na hawa upande huu. Mwisho wakanigeukia mimi. Nami, nikidhani ya kuwa ni hekima, nikafungua Mhubiri 7:10, pale tunapoonywa tusiulize kwa nini siku za kale zilikuwa njema kuliko hizi. Wazee wakafurahi. Yule mama akanyamaza, akajifunika kanga yake, akaingia ndani. Majuma manne hakuonekana kanisani.

Tangu siku ile nimelifikiri sana jambo hili. Basi na tulichunguze pamoja, kwa taratibu, tukiwasikiliza watu wa pande zote mbili.

I. Maneno ya wale waishitakio miaka hii

Wasemao kwamba miaka tangu 2016 hata 2025 ni mibaya hawasemi bure. Januari 2017 mgodi uliporomoka Nyarugusu, katika Geita, watu 15 wakafungiwa chini ya ardhi yapata siku tatu, kisha wakatolewa hai. Hao tulimshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini si wote watolewao hivyo. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, gati ikionekana kwa macho, na watu 228 wakafa. Mwaka 2020 likaja gonjwa la korona, lililotutenga hata na maiti wetu. Machi 17, 2021 Rais John Magufuli, mzaliwa wa Chato, akafariki akiwa madarakani. Kabla yake hapakuwa na Rais wa Muungano aliyekufa hivyo.

Januari 2024 wachimbaji 22 walifukiwa Ng'alita, katika wilaya ya Bariadi. Katikati ya mwaka uo huo, huko Muleba katika mkoa wa Kagera, mtoto wa kike wa umri wa miaka miwili, mwenye ualbino, alinyang'anywa mama yake, akaonekana baadaye ameuawa. Agosti 2025 watu 25 walifukiwa katika machimbo ya Chapakazi, mkoani Shinyanga, na waliotoka hai walikuwa wachache. Tena Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, maandamano yalizuka katika miji kadha wa kadha, Mwanza ukiwa mmojawapo. Damu ikamwagika, intaneti ikafungwa, na Dar es Salaam watu wakakatazwa kutoka usiku. Hesabu ya waliokufa ilileta ubishi mkubwa. Lakini nyumbani mwa aliyezika mtoto wake hapana ubishi.

Ndivyo walivyosema vijana. Ni nani awezaye kuwaambia kwamba ni uongo?

II. Ushuhuda wa wazee

Sasa tumsikilize yule mzee. Yeye alianza na yale aliyoyapokea kwa babu zake. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliingia nchini, ikaua ng'ombe karibu wote. Msukuma asiye na ng'ombe alikuwa hana maziwa, hana mahari, hana akiba siku ya njaa. Ndui na njaa zikafuata, na funza, wadudu wageni, wakala vidole vya watu. Baada ya vita ya 1914 mpaka 1918 homa ya mafua ikapita dunia nzima, hata vijijini kwetu. Mwaka 1922 malale yakagunduliwa Maswa.

Kisha akasema aliyoyaona kwa macho yake. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba watu wote waishi katika vijiji kufikia mwaka 1976. Mwaka 1974 operesheni ikafika Shinyanga. Watu wakahamishwa mbali na mashamba yao, na wengine nyumba zao zikabomolewa, tena katika ukame mkali. Wakala unga wa mahindi ya manjano yaliyotoka ng'ambo, wakauita "yanga". Baada ya vita ya Kagera ya 1978 na 1979 wezi wa mifugo wenye bunduki wakazidi, hata wanavijiji wa Kahama na Nzega wakaunda sungusungu ili wajilinde. Sabuni, sukari na nguo zikawa adimu, na watu wakapanga foleni tangu alfajiri kwa kipande kimoja cha sabuni.

Naweza kuongeza ya kwangu. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu walitambuliwa Kagera, na katika miaka ya 1990 ugonjwa ule ulikuwa umeshika njia zote za biashara na machimbo. Mimi nalikuwa mtoto wa shule. Nakumbuka madawati yakibaki wazi kwa sababu wenyewe wamekwenda kuzika baba, na mwaka wa pili wake wamekwenda kuzika mama.

III. Mizani

Basi tupime. Ikiwa twataka kipimo kimoja kisichopendelea mtu, tuwatazame watoto wadogo. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 1999 ulionyesha kwamba katika watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha 43. Tofauti yake ni watoto 104 katika kila elfu, wanaocheza leo uani badala ya kulala kaburini. Tangu mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilianza kutolewa bure, na watu waliokuwa wakingoja kufa wakainuka wakalima. Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa yapata kilometa 3, lilifunguliwa. Hivyo mgonjwa atokaye Geita kwenda Bugando havuki tena kwa kungoja kivuko.

Kwa hesabu hizi mzee ameshinda. Miaka hii kumi si mibaya kuliko yote. Lakini angalieni: hesabu ya elfu haikumjibu yule mama, kwa kuwa yeye hakufiwa na sehemu ya elfu. Alifiwa na mmoja, naye alikuwa wake. Kweli inaweza kusemwa kwa wakati usiopasa ikawa kama jiwe mkononi.

IV. Hatari mbili

Nimeona ya kuwa kila moja ya kauli hizi mbili ina hatari yake.

Hatari ya kwanza ni ya yule asemaye, "Haijapata kuwako miaka mibaya kama hii." Akisha kusema hivyo, upesi huuliza, "Ni nani aliyetuletea?" Nasi katika Usukuma twajua swali hilo limekwenda wapi. Limekwenda kwa bibi kizee mwenye macho mekundu, ambaye macho yake yamewekundu kwa moshi wa kuni na wa samadi, kwa kuwapikia wajukuu. Tume ya serikali ya mwaka 1988 ilipata kwamba kati ya 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,000 waliuawa nchini kwa kusingiziwa uchawi, na zaidi ya nusu yao waliuawa huku kwetu, Mwanza na Shinyanga. Hata waliotumwa kuyakomesha mauaji waliingia katika dhambi nyingine. Mwaka 1976 washukiwa waliokamatwa katika mikoa hiyo miwili waliteswa, na baadhi yao wakafia kizuizini. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu kwa ajili ya jambo hilo, ingawa hakulitenda kwa mkono wake. Kisha, hasa tangu 2007 hata 2009, swali lile lile likageuzwa: "Ni nani atakayetuletea bahati?" Wachimbaji na wavuvi wakadanganywa na waganga, na ndugu zetu wenye ualbino wakawindwa. Septemba 2009 mahakama iliyokaa Kahama iliwahukumu watu watatu kwa kumwua kijana mmoja mwenye ualbino, na Januari 2015 serikali ikapiga marufuku waganga wapiga ramli. Lakini mauaji ya Muleba ya 2024 yanatuonya kwamba mzizi haujang'olewa. Hofu ya nyakati mbaya ndiyo shamba la mpiga ramli.

Hatari ya pili ni ya yule asemaye, "Zamani ilikuwa mbaya zaidi." Huyu hufunga kinywa cha mwenye kulia. Tena humpa nafasi ya kulala yule apaswaye kuamka. Kule Ng'alita viongozi wa wilaya walisema kwamba wachimbaji walikuwa wamekatazwa kuchimba kwa sababu ya mvua kubwa. Katazo likiwapo, na watu wakashuka hata hivyo, hatuna budi kuuliza ni njaa gani iliyowashusha, ni nani aliyenunua mawe yao, na ni nani aliyepasa kusimama mlangoni pa shimo. Wazee kufa kwa ndui hakusimamishi magogo ya kuzuia udongo katika shimo la leo.

V. Bwana Yesu alijibuje?

Walimletea Bwana habari ya watu waliouawa na Pilato, naye mwenyewe akawakumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Mchimbaji yeyote wa Geita aufahamu mnara ule. Angalieni Bwana hakusema nini. Hakusema kwamba waliokufa walikuwa wakosaji kuliko watu wengine. Basi amemfungia mpiga ramli mlango. Wala hakusema kwamba minara mikubwa zaidi ilianguka zamani. Basi amenifungia mlango mimi niliyejidai kuwa na hekima. Aliwageuza wasikilizaji wajitazame wenyewe, watubu.

Na hili latufunulia maana ya Mhubiri 7:10. Nalilitumia neno lile kama fimbo ya kumnyamazisha mama. Walakini Mhubiri anawaonya wanaoisifu kale kwa uvivu, wasitende neno leo. Hakutupa ruhusa ya kumkaripia mfiwa.

Kukumbuka kwema ni kwa namna nyingine. Nchi yetu yenyewe inatufundisha. Tangu miaka ya 1920 misitu ya Shinyanga ilifyekwa ili kuwafukuza mbung'o. Nia ilikuwa njema. Lakini pamba, mifugo mingi na kuni vikamaliza miti iliyosalia, hata nchi ikawa tupu, upepo ukichukua udongo. Mwaka 1986 ukaanza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uitwao HASHI. Wataalamu walifanya jambo la busara: waliwauliza wazee. Wazee wakakumbuka ngitili, malisho ya akiba yaliyofungwa wakati wa mvua ili yaokoe ng'ombe wakati wa kiangazi. Zilikuwa zimesalia hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000. Wazee wale hawakubishana na vijana ni miaka ipi iliyokuwa mibaya zaidi. Waliwaonyesha ilivyofanyika zamani, kisha wakaenda pamoja wakaitenga nchi.

Basi, walimu, nawasihi mambo matatu. Penye msiba, lieni kwanza; msihesabu. Penye utulivu, waketisheni wazee na vijana, mwandike katika daftari ya usharika yale wazee wanayoyakumbuka, na mwaka wake, kabla hawajatutoka. Na pale linapotokea jambo baya, ulizeni limetoka wapi na litengenezwe namna gani, wala msiulize kamwe ni bibi gani aliyeliroga.

Mwisho nilikwenda nyumbani kwa yule mama. Nalimwambia, "Mama, nalikukosea siku ile." Akanipa kigoda, akasonga ugali, tukala. Baadaye akasema, "Baba Mchungaji, mimi sikuwa nikihesabu miaka. Nalikuwa nikimlilia mtoto." Jumapili iliyofuata alikuja ibadani, akaketi mahali pake. Yule mzee akaondoka penye kiti chake cha mbele, akaenda kuketi karibu naye.

Maswali ya kuzungumza usharikani

1. Katika kijiji chenu, ni miaka ipi ambayo wazee huiita mibaya, nao huiita kwa jina gani?
2. Ni nani aliyewahi kusingiziwa kwenu kwa ajili ya njaa, ugonjwa au kifo? Kanisa lilisimama wapi siku hiyo?
3. Wachimbaji wa usharika wenu hushuka mashimoni kwa ulinzi gani, na ni nani aonaye ya kuwa ni wajibu wake kuukagua?

Neema ya Bwana na iwe pamoja nanyi.