Cheche ya Gari Kuukuu na Kanuni ya Ohm

Miongoni mwa mambo yanayowasumbua wenye magari ya zamani ni ile hukumu inayotolewa gereji kwamba mfumo wote wa kuwashia umekwisha: ibadilishwe koili, ibadilishwe distributa, nyaya na plagi zote nne. Kwa gari kama Peugeot 504, ambalo lilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968 na likaunganishwa pia Mombasa kwa miaka mingi, vipuri hivyo havipatikani kwa urahisi siku hizi, na jumla ya bei yake huweza kumeza mshahara wa mwezi mzima. Mwenye gari hubaki akijiuliza kama alipe, au aliegeshe gari chini ya mwembe. Swali hilo ni la fedha, lakini sehemu kubwa ya jibu lake imo katika somo la umeme linalofundishwa sekondari.

Mfumo unaoelezwa hapa ni ule wa pointi na kondensa, wala si ule unaoongozwa na kompyuta katika magari ya sasa. Ulibuniwa na Charles Kettering wa Marekani, na magari ya Cadillac yakaanza kuutumia mwaka 1910. Ulidumu bila mabadiliko makubwa hadi miaka ya 1970, ulipoanza kupokewa na vifaa vya elektroniki.

Kazi ya mfumo huo ni kugeuza volti 12 za betri ziwe maelfu ya volti, kwani volti 12 haziwezi kuruka hata nafasi ndogo ya plagi. Ndani ya koili mna kiini cha chuma kilichozungushiwa waya wa aina mbili: waya mnene wenye mizunguko mia kadhaa, uitwao msingi, na waya mwembamba kama unywele wenye mizunguko elfu ishirini hivi, uitwao upili. Pointi zinapogusana, mkondo wa betri hupita katika msingi na kukifanya kiini kuwa sumaku. Injini inapozunguka, nundu iliyo katika mhimili wa distributa huzitenganisha pointi, mkondo hukatika, na sumaku hutoweka ghafla. Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba sumaku inayobadilika huzalisha umeme katika waya unaoizunguka. Na badiliko likiwa la haraka zaidi, volti huwa nyingi zaidi. Katika msingi wenyewe huzuka volti 200 hadi 300. Katika upili, wenye mizunguko karibu mara mia ya ile ya msingi, huweza kuzuka volti zaidi ya 20,000, nazo hupelekwa na rota kwenye plagi inayostahili.

Kondensa ina kazi ambayo wengi huisahau. Pointi zinapoachana, mkondo hauna pa kwenda, na ungeruka kati yake kama cheche. Kondensa huupokea mkondo huo kwa kitambo kidogo mno, hivyo pointi haziungui na sumaku huanguka upesi. Kondensa ikifa, cheche ya plagi hudhoofika na pointi huwa nyeusi, na lawama huiangukia koili. Haifai koili ihukumiwe kabla kondensa, ambayo ni mojawapo ya vipuri vya bei ndogo kabisa katika mfumo huu, haijajaribiwa.

Sasa yafaa kuingia katika hesabu. Chukulia kwamba msingi wa koili una ukinzani wa omu 3. Kwa kanuni ya Ohm, volti 12 zitapitisha mkondo wa ampea 4. Nishati inayohifadhiwa katika sumaku hulingana na kipeo cha pili cha mkondo. Mkondo ukipungua kidogo, nishati hupungua sana. Chukulia tena kwamba gari ni la miaka mingi, na mahali fulani kati ya betri na koili pameota kutu ya kijani: pengine kwenye kishikizo cha fyuzi, pengine ndani ya swichi ya ufunguo. Katika miji ya pwani, ambako upepo huleta chumvi, hali hiyo ni ya kawaida kabisa. Ikiwa kutu hiyo imeongeza omu 1 tu, ukinzani wote sasa ni omu 4 na mkondo ni ampea 3. Nishati ya cheche imekuwa sehemu 9 kati ya 16, yaani karibu nusu imepotea, ilhali hakuna kipuri hata kimoja kilichoharibika.

Asubuhi mambo huwa mabaya zaidi. Stata inapozungusha injini hunyonya mkondo mkubwa, na volti za betri huweza kushuka hadi 9. Gari lenye afya bado litapata ampea 3 katika koili. Lile lenye kutu litapata ampea 2.25 tu, na nishati yake itakuwa chini kidogo ya theluthi moja ya ile ya kawaida. Ndiyo maana gari la namna hii hukataa kabisa kuwaka kwa stata, kisha likawaka mara moja likisukumwa na vijana wawili: anayesukuma hainyonyi betri. Dalili hiyo ni ushahidi wa thamani, na mwenye gari anapaswa kumweleza fundi kabla bei haijatajwa.

Kutu iliyofichika hutafutwa kwa voltimita. Ufunguo uwe umewashwa, injini imezimwa, na pointi ziwe zimegusana. Ncha moja ya kipimo huwekwa kwenye nguzo chanya ya betri, na ya pili kwenye mlango wa koili unaopokea umeme. Kipimo kinachosomwa ni volti zinazopotea njiani. Njia nzuri hupoteza sehemu ndogo tu ya volti moja. Katika mfano wa hapo juu zitasomwa volti 3, yaani ampea 3 mara omu 1. Kisha ncha ya pili hurudishwa nyuma hatua kwa hatua, kutoka koili hadi swichi, kutoka swichi hadi fyuzi. Mahali ambapo zile volti 3 zinatoweka ndipo ugonjwa ulipopitwa. Upande wa kurudi nao hupimwa vivyo hivyo, kutoka mlango wa pili wa koili hadi nguzo hasi ya betri, kwani pointi chafu au waya wa bodi uliolegea huleta hasara ileile. Vipimo hivi visichukue muda mrefu, maana koili iliyoachwa na pointi zilizogusana hupokea wati 48 na kupata moto. Baadhi ya magari yana kikinza cha nje kinachotangulia koili. Katika hayo, volti zinazopotea kwenye kikinza hicho ni za haki, na koili mpya isiyolingana nacho huweza kuziunguza pointi.

Hapa inaeleweka kwa nini kubadilisha kila kitu mara nyingine huponya gari. Fundi anapofunga koili mpya, hulegeza nyaya, huzisugua na kuzikaza upya. Sifa huenda kwa koili, kumbe iliyofanya kazi ni msasa. Si lazima pawe na udanganyifu, kwani kubadilisha ni haraka kuliko kupima, na fundi huyo huyo ana magari mengine matatu yanayomngoja.

Kipimo cha cheche nacho hukosewa mara kwa mara. Plagi huchomolewa, hulazwa juu ya injini, cheche huonekana, na watu huridhika. Friedrich Paschen alieleza mwaka 1889 kwamba volti zinazohitajika ili cheche iruke hutegemea zao la kanieneo la gesi na upana wa nafasi. Nafasi ya milimita 0.7 katika hewa ya kawaida huhitaji kama volti 3,000. Ndani ya silinda, pistoni ikiwa imeshindilia mchanganyiko wa petroli na hewa, huhitajika mara kadhaa ya hizo. Cheche ya nje haitoshi basi kuwa ushahidi. Katika mfumo huu wa pointi, cheche yenye nguvu yapaswa kuruka milimita 6 hivi hewani. Waya wa plagi ushikwe kwa koleo lenye mpini wa mpira mnene, wala si kwa mkono mtupu, na pasiwe na petroli iliyomwagika karibu. Gari likisumbua siku za mvua tu, boneti ifunuliwe gizani injini ikiwa inanguruma: miali ya buluu inayotambaa juu ya kifuniko cha distributa huonyesha ufa au mstari wa masizi ambamo umeme unatorokea.

Koili yenyewe hufa pia, na namna yake ya kufa hutambulikana. Gari huenda vizuri kwa nusu saa, huzimika likiwa moto, kisha huwaka tena likipoa. Kizio cha ndani ya koili kimeachia kwa joto, na hapo kununua nyingine hakuna budi, baada ya kondensa kujaribiwa, kwani nayo huweza kuonyesha dalili hiyo hiyo.

Distributa ndiyo inayostahili kuchunguzwa kwa uangalifu kuliko vyote, maana ni ghali na huchakaa kweli. Nafasi ya pointi hupimwa kwenye kila nundu kati ya zile nne, si kwenye moja tu. Zikisomwa karibu milimita 0.4 zote, mhimili ni mzima. Zikisomwa 0.45, 0.30, 0.50 na 0.35, na mhimili ukitikisika unaposukumwa kwa kidole kando, bushi imelika, na hakuna kusugua kutakakoirekebisha. Hata hapo njia ni zaidi ya moja. Fundi mwenye mashine ya kukereza huweza kutengeneza bushi ya shaba kwa sehemu ndogo ya bei ya distributa mpya. Kifaa cha elektroniki kinachochukua nafasi ya pointi kwa kutumia athari iliyogunduliwa na Edwin Hall mwaka 1879 hakina sehemu zinazosuguana, lakini kikifungwa juu ya mhimili unaoyumba, cheche itaendelea kuwahi kwa silinda moja na kuchelewa kwa nyingine. Bushi hutengenezwa kwanza.

Kwa kazi ya darasani, mwalimu aweza kuunganisha betri ya volti 12 na kikinza cha omu 3 kinachostahimili wati 50, kisha kuongeza kikinza cha omu 0.5 mahali pa kutu. Wanafunzi wapime mkondo na volti zinazopotea, halafu wakokotoe ni sehemu gani ya nishati ya cheche ingebaki, kwanza betri ikiwa na volti 12, kisha ikiwa imeshushwa na stata hadi volti 9.